Chini ya Picha Kuna Nafasi ya Maneno Mawili

Kando ya Barabara ya Bombo jijini Kampala, kuanzia Bwaise hadi Kawempe yenyewe, shule za nasari hujitangaza kwa kuta zake. Ukutani kuna tufaha, mpira, paka na samaki, na chini ya kila picha herufi moja na neno lake la Kiingereza. Ndani ya darasa mwalimu huelekeza fimbo kwenye picha, watoto wa miaka mitatu hupaza sauti kwa pamoja, fimbo inasogea kwenye picha nyingine. Mzazi anayepita nje akisikia kelele hiyo huondoka ameridhika kwamba ada anayolipa haipotei bure.

Wanaoukosoa ufundishaji huu huanzia kwenye tufaha. Tunda la kigeni, husema, mtoto wa Kawempe ataliona wapi? Hoja hiyo ni dhaifu. Matufaha huuzwa Kampala kwenye foleni za magari, na mtoto wa mchuuzi huenda anayafahamu vizuri kuliko mkosoaji anavyodhani. Hata ile iglu, nyumba ya barafu, inayochorwa kwenye herufi I haina dhambi kubwa, maana watoto wa kila mahali hupenda simba ambao hawajawahi kuwaona. Mimi naona jambo la kuhojiwa liko kwingine: neno lipi linatangulia chini ya picha, na baada ya neno kutamkwa, kuna mtu anayezungumza na mtoto?

Kitabu kinachotajwa kuwa babu wa vitabu vyote vya picha vya kufundishia watoto ni Orbis Sensualium Pictus cha mwanaelimu Comenius, kilichochapishwa Nuremberg mwaka 1658. Nia yake ilikuwa kuwafundisha watoto Kilatini, lugha ya shule na ya vyeo, kama Kiingereza kilivyo kwetu leo. Ila Comenius hakukiacha Kilatini peke yake. Vitu ndani ya mchoro vilipewa namba, na kando yake yakawekwa maandishi ya Kilatini na ya Kijerumani bega kwa bega. Zaidi ya miaka 360 baadaye, kuta zetu zimebaki na lugha moja, na si ile mtoto anayoamka nayo.

Kuelewa picha nako hujifunzwa. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Judy DeLoache na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miezi tisa, wa Marekani na wa jamii ya Wabeng wa Ivory Coast. Walipopewa picha za vitu, watoto wa pande zote mbili walijaribu kuvichukua kwa vidole, kana kwamba vinashikika. Ni kadiri wanavyokua, wakizungukwa na watu wanaozitumia picha, ndipo wanaposhika kwamba picha inasimama badala ya kitu kingine. Na hata hapo kuelekeza kidole hakutoshi. Mwanafalsafa W. V. Quine alilionyesha tatizo hilo mwaka 1960: mtu akinyooshea sungura kidole na kutamka neno geni, utajuaje kama anamtaja mnyama, miguu yake au mbio zake? Picha ya kuku anayeparua jaani huko Kalerwe inaweza kuwa kuku, mama wa vifaranga, takataka, au kitendo cha kuparua. Kinachoamua ni maneno ya mtu mzima aliyeketi karibu, na mtoto ayaelewe maneno hayo.

Hapo ndipo kukariri kwa Kiingereza peke yake kunapokwama. Mtoto anayemjua enkoko, yaani kuku kwa Kiganda, tangu nyumbani hapati shida kuongezewa jina la pili, kwa kuwa maana anayo tayari. Shida huanza kwenye mambo ambayo bado hana maneno yake kwa lugha yoyote. Hapo mtoto hupewa sauti juu ya sauti. Isitoshe, kadi za picha hupenda majina ya vitu tu. Vitendo, sifa na mahali huachwa, ilhali Kiganda, kama Kiswahili, hubeba nusu ya maana kwenye upatanisho: omwana agudde (mtoto ameanguka), lakini omuti gugudde (mti umeanguka). Hilo halichoreki kwenye kadi. Linakuja kwa masimulizi, na masimulizi yanahitaji lugha ambayo mwalimu na mtoto wanaielewa wote wawili.

Kwa nini basi hali iko hivi? Mtaala wa mada wa Uganda ulioanza mwaka 2007 ulitaka madarasa matatu ya kwanza ya msingi yafundishwe kwa lugha ya eneo, lakini shule za mijini, zenye watoto wa makabila mengi, zikaruhusiwa kutumia Kiingereza na kuifanya lugha ya eneo kuwa somo. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 nayo iliiachia sekta binafsi elimu ya awali. Mwenye nasari anaishi kwa ada, na mzazi hununua Kiingereza kwa sababu anajua kwamba mtihani wa kumaliza darasa la saba hufanywa kwa Kiingereza. Siwezi kumlaumu mzazi huyo. Anasoma soko sawasawa. Anachokosea ni kudhani kwamba njia fupi ya kufika kwenye Kiingereza ni kuanza nacho peke yake.

Kaskazini mwa nchi, katika eneo la Lango, mpango wa kusoma ulioanzishwa na taasisi ya Mango Tree ulianza na Kilango na ukapimwa kwa makini na wachumi Jason Kerwin na Rebecca Thornton. Mpango kamili ulipandisha sana uwezo wa watoto kusoma. Lakini toleo lake la bei nafuu, lililopunguziwa vifaa na usaidizi kwa walimu, lilileta faida ndogo, na baadhi ya stadi za kuandika zikashuka. Kawempe si Lango, nakubali. Kule karibu kila mtoto huja na lugha moja. Hata hivyo matokeo yale yanamhusu anayetaka kuagiza kadi za rangi na kuondoka: kadi bila mwalimu aliyeandaliwa ni pambo la ukuta.

Wingi wa lugha, ambao ndio kisingizio cha Kiingereza cha mjini, kwangu ni sababu ya kuitumia picha vizuri zaidi. Picha haina kabila. Mradi wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na Uganda ikiwa miongoni mwa nchi za majaribio, umejengwa juu ya wazo hilo: michoro ileile, hadithi ileile, na matoleo ya Kiganda, Kiswahili, Kilugbara na lugha nyingine nyingi, yote ya bure na ruhusa ya kuyachapa upya. Kiswahili nacho kina haki ya kuomba nafasi, kwa kuwa baraza la mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni, ingawa sidhani kinapaswa kutangulia kwa mtoto wa Kawempe asiyekisikia nyumbani.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na linaweza kuchapwa kwa wachapaji wa Barabara ya Nasser, Kampala, kesho asubuhi. Kadi iwe na picha ya vitu vya hapa: sigiri, dumu la maji, boda boda, mafuriko ya Bwaise, nsenene (panzi) wa Novemba. Chini yake mistari miwili. Wa kwanza uwe na Kiganda, lugha ya mtaa na soko. Wa pili uachwe mtupu, na kadi ipelekwe nyumbani, ili jaja (bibi au babu) au mama aseme neno la kwao, la Kinubi, Kilugbara au Kinyarwanda. Asiyejua kuandika atamke, mwalimu aandike kesho yake. Kiingereza kiwe nyuma ya kadi. Mtoto akishaisimulia picha ile kwa sentensi mbili tatu zake mwenyewe, kadi igeuzwe.