Mvua ya mawe Texas: Mbona hundi ya bima haitoshi paa?

Mvua ya mawe ikipita Dallas au Fort Worth, haichukui muda mafundi wa paa wako mtaani wanagonga milango. Maneno ni yale yale: paa lako limeharibika, bima italipa yote, wewe hutoi hata senti.

Hapo kwenye "hutoi hata senti" ndipo shida inapoanzia.

Kwa Mkenya au Mkongo aliyenunua nyumba huko akiwa amezoea bati, hata uharibifu wenyewe hauonekani. Mapaa mengi ni ya vigae vya lami. Barafu huvikung'uta chembechembe za juu, na paa linaweza kukaa miezi kabla ya kuvuja.

Hesabu inayowashtua wengi

Katika mikataba mingi ya Texas, hasara ya mvua ya mawe ina kiasi ambacho mwenye nyumba hubeba mwenyewe, mara nyingi asilimia 1 au 2. Lakini asilimia ya nini? Si ya gharama ya paa. Ni ya thamani ya nyumba iliyoandikwa kwenye bima. Nyumba ya dola 300,000 kwa asilimia 2 ni dola 6,000 kutoka mfukoni.

Tuseme paa jipya ni dola 18,000 na la zamani limechakaa nusu. Kampuni inakata 9,000 za uchakavu, kisha zile 6,000. Hundi ya kwanza: dola 3,000.

Kama mkataba unalipia paa jipya, zile 9,000 hutolewa baada ya kazi kwisha na risiti kupelekwa. Kama unalipia thamani ya paa lilivyo sasa, 3,000 ndiyo basi. Kampuni nyingi zimekuwa zikihamishia mapaa ya zamani kwenye aina hii ya pili, na taarifa huja ndani ya karatasi za kuhuisha bima, zile ambazo karibu hakuna anayezisoma.

Fundi wa "bure"

Tangu Septemba 2019, sheria ya Texas inamkataza mkandarasi kumfutia mteja sehemu yake. Kampuni ya bima inaweza kudai ushahidi kwamba imelipwa kabla ya kuachia fedha za uchakavu. Fundi akiongeza bei kwenye ankara ili kuficha, mwenye nyumba naye anaingia matatani.

Tena Texas haina leseni ya jimbo kwa mafundi wa paa. Mwenye ngazi na pikapu anaweza kujiita fundi. Na haruhusiwi kujadiliana na bima kwa niaba ya mwenye paa analolitengeneza.

Mkaguzi akisema paa ni zima

Mwenye nyumba anaweza kuomba ukaguzi wa pili, akiwa na picha za mifereji iliyobonyea na tarehe ya mvua. Baada ya kupokea nyaraka zote, kwa kawaida kampuni ina siku 15 za kazi kukubali au kukataa. Ikizungusha, malalamiko hupelekwa Idara ya Bima ya Texas, bila malipo.

Mikataba mingi hutaka dai lifunguliwe ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya mvua, hata kama paa bado halijavuja.