Jaji alisema kaseti haifi

Mwaka 1983, kwenye mahakama ya shirikisho kaskazini mwa Illinois, Marekani, kampuni ya gemu ya Atari iliiburuta kampuni ya JS&A kwa kuuza kidude kilichoitwa PROM Blaster. Kilikuwa kinanakili kaseti za gemu. JS&A wakajitetea kwa kifungu cha 117 cha sheria ya hakimiliki, kinachomruhusu mwenye programu ya kompyuta kujiwekea nakala ya akiba. Mahakama ikawagomea na Atari ikapewa zuio. Hoja yenyewe ndiyo ya kuishangaa: nakala ya akiba ni ya vitu vinavyoweza kuharibika kwa hitilafu ya umeme au ya mitambo, na kaseti ya gemu haimo katika kundi hilo.

Kaseti haiharibiki! Mwambie hayo mtu aliyefungua kabati lake mwaka huu, akachomeka Pokémon Gold na kukuta hakuna kitu. Mashine inawaka, muziki unalia, lakini viumbe wote aliowalea tangu yuko shule ya msingi wamefutika.

Sababu haina siri yoyote. Tangu The Legend of Zelda iingie Marekani mwaka 1987, kaseti nyingi za gemu ndefu zimebeba betri ya duara ya volti 3, ndugu wa zile za saa za mkononi. Betri hiyo huipa umeme chipu ndogo inayokumbuka mchezaji aliishia wapi. Ikizima, kumbukumbu imekwenda na hairudi. Pokémon Gold na Silver, za mwaka 1999, zina balaa la ziada: ndani yake kuna saa inayotembea usiku na mchana hata kaseti ikiwa imelala kwenye droo, na saa hiyo inainyonya betri ileile. Na usidhani utamwita fundi abadilishe betri mambo yaishe. Akishaing'oa ya zamani bila kuweka umeme wa pembeni, chipu inasahau papo hapo. Lazima kilichomo kinakiliwe kwanza.

Hapo ndipo wanasheria wa makampuni wanapoanza kukohoa. Kwa miaka mingi Nintendo, kampuni iliyouza gemu hizo, imewahubiria wateja wake kwamba ruhusa ya nakala ya akiba ni finyu mno, na kwamba programu za kuigiza mashine za zamani ni tishio kubwa kwa haki za watengenezaji. Mteja aliyelipa pesa yake dukani anaambiwa akae atazame mali yake ikioza, kwa sababu akinyoosha mkono kuiokoa atafanana na mwizi.

Mwizi wa nini? Kazi yenyewe ni ya mezani nyumbani. Unanunua kisomaji, mfano GBxCart RW kwa kaseti za Game Boy, au unaunda mwenyewe kile cha mbunifu aitwaye Sanni kinachotumia bodi ya Arduino, maana michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Unasafisha meno ya shaba ya kaseti (acha kupuliza kwa mdomo, mate ndiyo yanayoleta kutu), unachomeka, na kisomaji kinaiuliza chipu swali moja moja, anwani baada ya anwani, kikiandika majibu kwenye faili. Kaseti nyingi za enzi hizo hazikusimbwa, kwa hiyo hakuna kufuli lililovunjwa. Ukimaliza, unakokotoa namba ya uhakiki ya faili na kuilinganisha na orodha ya No-Intro, yenye namba za nakala sahihi. Zikilingana, una nakala isiyopungua hata biti moja. Super Mario Bros. nzima ni kilobaiti 40. Picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp inaizidi.

Sizungumzii kurusha faili mtandaoni kwa kila apitaye. Hiyo ni kesi nyingine, na Nintendo inajua kuiendesha: mwaka 2018 wenye tovuti ya LoveROMs walikubali hukumu ya zaidi ya dola milioni 12. Nazungumzia kaseti yako, droo yako, kompyuta yako. Ulaya ililikubali hili kwa programu za kompyuta tangu mwongozo wa mwaka 1991, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamruhusu aliyeshika programu kihalali kutengeneza nakala ya akiba.

Na hao wanaodai tuwaachie wao utunzaji, wametunza nini? Mwaka 2023 Video Game History Foundation ilitoa utafiti: asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani hazipatikani tena sokoni. Waliozinunua upya kidijitali kwenye mashine ya Wii ya Nintendo walifungiwa duka Januari 2019. Wa Wii U na 3DS wakafungiwa Machi 2023. Leo wanaambiwa walipie usajili ili wacheze gemu zilezile, na siku usajili ukikatika na gemu nazo zimekatika. Jino la pembe si dawa ya pengo. Maktaba na wahifadhi walipoomba ruhusa ya kuwafungulia watafiti gemu hizo kwa mbali, ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa, Oktoba 2024. Kisha 2025 ikaja mashine mpya ya Nintendo, Switch 2, na baadhi ya kadi zake zisizo na gemu ndani, ila ufunguo wa kuipakua tu. Seva ikizimwa, utabaki na plastiki.

Ukisubiri sheria ikuruhusu kila kitu, hesabu mwenyewe: kazi ya kampuni Marekani hulindwa miaka 95 tangu kutoka. Super Mario Bros. ya 1985 itakuwa huru mwaka 2081. Betri haisubiri huko.

Kwa hiyo toa kaseti zako leo, uzitenge mafungu mawili, zenye betri na zisizo nayo. Anza na zenye betri: zile za safari ndefu, zile zilizoandikwa majina ya wanao kwenye skrini ya kuanzia. Nakili faili ya kumbukumbu kabla ya gemu yenyewe. Gemu yenyewe ilichapwa kwa maelfu na wenzako wanayo. Kumbukumbu ya mwanao iko kwenye chipu moja tu. Weka nakala sehemu mbili, kisha ndipo umwite fundi na bisibisi yake. Na kampuni ikituma barua ya wakili, mjibu kwa kumuuliza betri mpya inauzwa duka lao lipi.