Mti Nzuri, Vikapu Kubwa

Likizo ya Noheli iliyopita nilisaidia kufundisha Kiswahili kwa watoto wa miaka saba na minane hapa Kigali. Mwenzangu alitoa mchezo katika kitabu cha Kiingereza, akatafsiri maneno tu. Mabakuli mawili mezani, moja la nomino, jingine la vivumishi. Mtoto anachota karatasi moja huku na moja kule, anasoma kwa sauti, wenzake wanapiga makofi. Msichana mmoja akachota, akasoma: "Mti nzuri." Makofi. Aliyemfuata: "Vikapu kubwa." Makofi tena.

Sina ugomvi na michezo, wala na Noheli. Mtoto aliyekaririshwa aina za maneno kama sala huzisahau kabla ya kengele. Ugomvi wangu ni na uvivu wa kunakili. Katika Kiingereza kivumishi hakibadiliki, kiwe cha mti mmoja au vikapu elfu, kwa hiyo kukitenga katika bakuli lake hakuleti hasara. Kivumishi chetu hungoja nomino ikipe kiambishi. Ukivitenganisha, umewafundisha watoto kosa, tena kwa shangwe.

Najibiwa kwamba hao ni watoto, watajirekebisha wakikua. Mimi sikujirekebisha. Nilifika chuo kikuu nikiandika "viti nzuri", na kalamu nyekundu ndiyo iliyonizindua.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba watoto hawa upatanisho wanao tayari. Hakuna hata mmoja wao anayekosea *igitabo kinini, ibitabo binini* kwa Kinyarwanda. Ukimwambia kwamba kwa Kiswahili ni *kitabu kikubwa, vitabu vikubwa*, anacheka, maana ni jambo la nyumbani kwao. (Ngeli hazilingani zote, najua: *igiti* chetu ni *mti* kwa Kiswahili. Lakini mazoea yenyewe ya kupatanisha ni yale yale.) Bakuli la vivumishi linamnyang'anya mtoto alichokuja nacho.

Sikukuu inayofaa tunayo. Umuganura, sherehe yetu ya mavuno, huwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti, katikati ya likizo ndefu. Weka kikapu sakafuni: mtama, maharage, viazi, mahindi. Kivumishi kiandikwe mzizi tu, *-zuri*, kishikwe na mtoto mmoja. Wengine washike viambishi. Anayetoa kitu kikapuni anakitaja, na mwenye kiambishi chake anakimbia kusimama mbele ya mzizi. Kiazi kizuri. Ongeza kiazi cha pili: *ki-* anakaa, *vi-* anakimbia. Mahindi mazuri. Vitenzi navyo viigizwe: huyu anatwanga, wale wanapepeta, na anayeonja pombe ya mtama kwa kuigiza ajifanye mzee. Vielezi vitakuja vyenyewe mtu akitwanga polepole.

Mchezo huu hauhitaji fedha. Unahitaji mwalimu akae jioni moja ajiulize Kiswahili kinavyofanya kazi, badala ya kufungua kitabu cha lugha nyingine. Lugha hii ni rasmi nchini tangu 2017, na bado tunaifundisha kwa viatu vya kuazima, kisha tunalalamika kwamba watoto hawaipendi.

Agosti ijayo nitaleta kikapu changu. Yule msichana wa "mti nzuri" nimeshamwahidi kadi ya *m-*.