Kipimajoto si Hakimu

Pana hukumu moja itolewayo kila siku maofisini, madarasani na majumbani, bila ushahidi kusikilizwa na bila mshtakiwa kujitetea. Mwanamke mtu mzima hufungua dirisha, hujipepea kwa daftari na kufuta jasho shingoni. Wenzake hutazamana na kucheka. Mtoto mwenye usonji huvua sweta lake asubuhi ya kipupwe, au hukataa kulivua mchana wa kaskazi; mwalimu humwita mkaidi. Hukumu ni ile ile: chumba ni kimoja, hewa ni moja, joto ni moja, basi alalamikaye peke yake ana deko au ana kiburi. Hukumu hii ni dhuluma, na msingi wake ni ujinga.

Kosa la kwanza la mahakimu hawa ni kuchanganya mambo mawili yasiyofanana, joto la hewa na joto la mtu. Kiswahili hakikufanya kosa hili. Msemaji wake husema kuna joto anapotoa habari ya hewa, na husema anasikia joto anapotoa habari ya mwili wake. Neno la kwanza laweza kusahihishwa na kipimajoto. La pili haliwezi. Mtu aambiwaye kwamba hasikii joto kwa sababu kipimajoto hakikupanda ni sawa na aambiwaye kwamba hana njaa kwa sababu saa ya chakula haijafika.

Wapo wanaodhani kwamba walau joto la ndani ya mwili lina sheria moja kwa watu wote, nyuzi 37 za sentigredi. Kipimo hicho kilienezwa na tabibu wa Leipzig, Carl Wunderlich, kwa kitabu chake cha mwaka 1868, baada ya kupima maelfu ya wagonjwa. Lakini 37 ni wastani, na hakuna mama aliyepata kuzaa wastani. Wunderlich mwenyewe alionyesha kwamba joto la mwili hushuka asubuhi na kupanda jioni. Hata kanuni zilizotumika kwa miaka mingi kupanga ubaridi wa ofisi hazikuwa za watu wote. Mwaka 2015 wataalamu wawili wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walionyesha kwamba hesabu yake ilisimama juu ya mwili wa mwanamume mmoja wa miaka 40 mwenye uzito wa kilo 70, na kwamba yaweza kukadiria joto lizalishwalo na mwili wa mwanamke kupita kiasi hadi kwa asilimia 35. Kilichoitwa kipimo cha wote kilikuwa kipimo cha mmoja.

Mwanamke afikiapo ukomo wa hedhi, aghalabu baina ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hupungua mwilini mwake. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, nayo ndiyo mlinzi wa joto la mwili. Mpaka wa juu ukivukwa, mlinzi huyo huamuru jasho. Wa chini ukivukwa, huamuru kutetemeka. Utafiti wa Robert Freedman wa Detroit, uliotolewa mwaka 1999, ulionyesha kwamba kwa wanawake waliokoma hedhi wasiopatwa na mawimbi ya hari, nafasi baina ya mipaka hiyo ilikuwa nyuzi 0.4; kwa wale wanaopatwa nayo, nafasi hiyo ilikuwa imetoweka kabisa. Basi kikombe cha chai, ngazi chache au shuka nzito yatosha kuuamsha mwili: mishipa ya ngozi hupanuka, moyo huenda mbio, jasho humwagika, kisha mwili uliokwisha kupoteza joto huingiwa na mzizimo. Yule aliyefungua dirisha na kulifunga baada ya dakika tano hakuwa kigeugeu. Mwili wake ndio uliogeuka mara mbili.

Kwa watu wenye usonji, na wengine ambao ubongo wao umeumbwa kwa mpango usio wa wengi, sababu ni nyingine lakini dhuluma ni ile ile. Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, katika toleo la tano la kitabu chake cha utambuzi, mwaka 2013, kiliandika ukali na uzito wa hisi kuwa miongoni mwa dalili za usonji, na kikataja hata hali ya kutojali joto na baridi. Wapo wanaobaki juani bila kutambua hari mpaka wakaribie kuanguka. Wapo wanaoumizwa na kile ambacho wengine hukiita vuguvugu. Jaribio dogo lililotolewa mwaka 2008 liliona kwamba watu wazima wenye usonji walitambua uvuguvugu na ubaridi wa kawaida sawa na wengine, lakini joto liligeuka maumivu kwao mapema zaidi. Tena baadhi ya dawa za kutuliza akili hudhoofisha uwezo wa mwili wa kujipoza. Katika mwambao, ambako kaskazi huja na unyevu mwingi, jasho halikauki upesi, na jasho lisilokauka halipozi. Mtoto asiyeweza kueleza mateso hayo kwa maneno huyaeleza kwa kulia, kwa kukimbia au kwa kuvua nguo. Naye huadhibiwa kwa lugha pekee aliyo nayo.

Hali hizi mbili hukutana katika mtu mmoja, na hapo mzigo huwa maradufu. Mwaka 2020 Rachel Moseley wa Chuo Kikuu cha Bournemouth, Uingereza, na wenzake walitoa maelezo ya watu saba wenye usonji waliopitia ukomo wa hedhi. Hao walisema kwamba hisi zao zilizidi ukali, na kwamba nguvu ya kuficha taabu, waliyoitumia maisha yao yote, iliwapungukia.

Wapinzani wana hoja zao. Husema mabibi wa zamani walivumilia bila kulalamika. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kimya cha mtu si ushahidi wa raha yake. Isitoshe, bibi wa zamani wa pwani alikuwa na kanga nyepesi, maji ya mtungi na baraza ipigwayo na upepo. Mjukuu wake amefungiwa kwa sare nzito nyuma ya kioo kisichofunguka. Husema pia kwamba jambo hili ni la kupita. Uchunguzi mkubwa wa wanawake wa Marekani uliotolewa mwaka 2015 uliona kwamba mawimbi ya hari hudumu, kwa kipimo cha kati, miaka 7.4, na kwa Wamarekani weusi miaka 10.1. Mtoto azaliwaye taabu ianzapo atakuwa amejua kusoma na kuandika kabla haijakwisha. Husema tena kwamba ni mawazo matupu. Mwezi Mei 2023 Marekani iliruhusu fezolinetanti, dawa ambayo si homoni, nayo huzuia ujumbe wa neva ubongoni uamshao joto hilo. Dawa hiyo yataka uangalizi wa ini, wala haimfai kila mtu. Lakini mawazo matupu hayana neva ya kuzibwa.

Hoja ya mwisho ni kwamba mmoja akiruhusiwa, wote watataka. Mwalimu amruhusupo mwanafunzi mwenye macho dhaifu kuketi mbele, darasa zima halihamii mbele. Na kama wote wakitaka maji na hewa, kosa li wapi?

Kinachodaiwa si kikubwa: kiti karibu na dirisha, feni, maji ya kunywa, nguo ya pamba, ruhusa ya kuvua sweta au koti, na idhini ya kutoka nje kidogo bila kujieleza mbele ya kadamnasi. Pamoja na hayo, mtu ahimizwe kumwona tabibu, kwa maana si kila jasho ni la ukomo wa hedhi. Malaria, kifua kikuu na ugonjwa wa tezi la shingo huleta jasho pia. Kicheko cha ofisini humfunga mgonjwa kinywa, na kinywa kilichofungwa huchelewesha tiba.

Wasomi wa Kiswahili nao wana deni. Hari, fukuto, vuguvugu na mzizimo ni mali iliyokwisha kuwekwa akibani na lugha. Itumike kuwapa watu hawa maneno ya kujieleza kwa tabibu na kwa mwajiri. Kipimajoto ni shahidi mwema wa hali ya hewa, na aitwe kila anapohitajiwa. Lakini shahidi wa hali ya mwili ni mwenye mwili, na baraza imkataayo kabla hajasema haistahili kuitwa baraza ya haki.