LUKU ya maji haileti maji

Kijana wa mamlaka ya maji aliinua dira juu kama mnadi anavyoinua shati la mtumba, na watu wa mtaa wetu wakapiga makofi. "Hii ni LUKU ya maji," alisema. "Unanunua, unatumia. Mambo ya kubambikiwa bili yamekwisha." Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaongoza makofi ya pili. Ndipo mama mmoja aliyekuwa amekalia ndoo yake, maana viti vilikuwa haba, akauliza: "Mwanangu, dira tumeiona. Maji je?"

Akaambiwa swali lake limechukuliwa.

Imani kwamba mita za malipo ya kabla zitamaliza ugomvi kati ya mteja na mamlaka imeshaota mizizi. Waziri wa Maji Juma Aweso ameipigia debe, madiwani wanaiimba, na wateja wengi wanaiafiki kwa moyo safi. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nimewahi kuletewa bili nene ya mwezi ambao nyumba ilikuwa na kufuli na sisi sote tuko kijijini kwenye msiba. Hata hivyo nasema imani hiyo ni potofu.

Kwenye bili, ukibambikiwa unabishana huku unaoga. Mamlaka ndiyo inayodai, na mdai ndiye anayepaswa kuonyesha deni lake limetoka wapi. Kwenye dira mpya fedha yako imeshaondoka. Sasa mdai ni wewe, na unadai bomba likiwa kavu, ukipanga foleni kwenye ofisi ya mtu ambaye hana haraka yoyote. Ugomvi uko palepale. Kilichobadilika ni nani anaanza akiwa amebanwa koo.

Halafu kuna upepo. Anayeishi kwenye mgao anajua: maji yakirudi baada ya siku tatu, bomba hukohoa kwanza. Koki inapuliza hewa tupu, na ukichungulia dira unaikuta inazunguka, tena kwa kasi kuliko maji yakitoka. Dira nyingi hazijui kilichopita ni maji au ni hewa. Kwenye bili, upepo huo ulikuwa hoja ya kupeleka dirishani mwisho wa mwezi. Kwenye malipo ya kabla, uniti zinakatwa pale pale, saa tisa usiku, umelala. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Zikiisha na huna fedha, mkombozi wako ni mkokoteni, na mtaani kwetu dumu hufika shilingi 500 maji yakiadimika. Piga hesabu: 25,000 kwa uniti. Hakuna mamlaka ya maji ambayo ingethubutu kupeleka bei hiyo kwenye mkutano wa taftishi wa EWURA, mdhibiti wa bei za maji.

Tunaambiwa mamlaka zinakwama kwa sababu hatulipi. Lakini ripoti za EWURA za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba, kwa wastani, zaidi ya theluthi moja ya maji yanayozalishwa hayaleti mapato, wakati kiwango kinachovumiliwa ni asilimia 20. Sehemu kubwa hupotelea njiani, kwenye mabomba yaliyochoka na maunganisho ya wizi, kabla hayajaufikia ukuta wangu. Dira mpya mlangoni haizibi bomba lililopasuka barabarani.

Na LUKU yenyewe ya umeme tunaijua tabia yake. Mei 2021 mfumo wa manunuzi ulileta hitilafu, na watu wenye fedha mkononi wakakaa gizani wakipanga foleni kutafuta tokeni. Agosti mwaka huohuo mita zilezile zikapewa kazi ya kukusanya kodi ya jengo, shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Mpangaji akajikuta analipa kodi ya mwenye nyumba, kisha akaambiwa wakaelewane. Kifaa kikishakaa ukutani hakikosi kazi ya pili.

Wenzetu walitangulia. KwaZulu-Natal, nchini Afrika Kusini, mabomba ya jumuiya yaliyokuwa ya bure yalifungiwa mita za kulipia kwanza. Wasio na kitu walirudi mtoni, mwaka 2000 kipindupindu kikalipuka, na kabla hakijatulia kilikuwa kimewapata watu zaidi ya 100,000. Uingereza, nchi isiyoshindwa kununua dira, ilipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1999 kukata maji ya nyumbani kwa sababu ya deni, pamoja na vifaa vya kuyabana.

Msimtafute diwani kwa suala la dira. Kwa sheria ya maji ya mwaka 2019 mamlaka hizi ziko chini ya Wizara, na baraza la madiwani linaweza kuhoji mpaka koo likauke bila kumwajibisha hata fundi bomba mmoja.

Sisi wakazi tuna nafasi moja: mkutano wa mtaa, kabla mafundi hawajaja. Tusipige makofi. Tudai dira ya kwanza ifungwe kwenye bomba kuu linaloingia mtaani, na kila mwezi ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa namba ya maji yaliyoingia na namba ya yaliyouzwa. Za kwetu zifuate baadaye.