Vuli ya Nani?

Kuna aina ya maandishi ambayo sisi wanafunzi wa lugha hapa Butembo hupewa mara kwa mara kutafsiri kutoka Kifaransa: mume na mke wako likizoni, wanapanda baiskeli, wanazunguka vijijini huku majani yakigeuka mekundu na baridi ikianza. Wengi wetu huandika upesi: «vuli imefika». Naona neno hilo halifai, na sababu yake si ya kamusi peke yake.

Vuli ni ya pwani. Ni mvua za Oktoba hadi Desemba; mkulima wa Tanga akisikia vuli huwaza jembe, hawazi majani makavu. Kwetu neno hilo linapotea zaidi. Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero, mchana na usiku vinalingana karibu mwaka mzima, na mikaratusi ya vilima vyetu haipukutiki yote kwa mara moja. Kinachofika Septemba ni mvua kubwa, na udongo unaonata kwenye magurudumu. Afadhali tuandike waziwazi: «majani yalianza kupukutika». Msomaji ataona jambo geni, na ni geni kweli.

Tuje kwenye baiskeli. Mtaani tunasema kinga. Msomaji wa Dar es Salaam akikuta «walipanda kinga» atashangaa, maana kwake kinga ni kitu cha kuzuia ugonjwa au hatari. Kwa mtihani wa Kiswahili bora, basi, tuandike baiskeli. Lakini tusijidanganye kwamba tumehamisha kitu kilekile. Hapa kinga hubeba makala, ndizi na madumu ya mafuta ya mawese. Kwenye mlima mwenyewe hushuka, akasukuma. Ndugu yake chukudu, ya mbao, imejengewa hata sanamu kule Goma kwa sababu ya kazi hiyo. Mume na mke wakipita kwenye bariere bila mzigo wowote, wataulizwa: «Munaenda wapi? Munabeba nini?» Jibu la «tunatembea tu» lingeleta maswali mengine.

Hapo ndipo baadhi ya wenzangu husema: maandishi haya yaondolewe, hayatuhusu. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni wanauawa mashambani na barabarani. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya hali ya kuzingirwa. Nani atazungumzia matembezi ya raha kwenye barabara ya Eringeti au ya Kasindi?

Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Tukiacha kutafsiri furaha ya watu wawili barabarani, tutakuwa tumekubali kwamba kwa Kiswahili chetu barabara ni ya mzigo, ya kukimbia na ya kuzika tu. Lugha isiyozoea kusema «tulipita, tukapumzika, tukaendelea» itamkuta siku ya amani mtu hana maneno yake. Nasi tunayo maneno: kutembea, kuzunguka, kupunga upepo. Yanahitaji kutumiwa.

Ninachopendekeza kwa walimu wetu ni kidogo. Zoezi la kutafsiri libaki, lakini lifuatwe na la pili: mwanafunzi aandike mwenyewe, kwa Kiswahili, safari ya wawili kwa baiskeli kutoka Butembo hadi Beni, kilomita 50 na kitu, wakiteremka kutoka baridi yetu ya zaidi ya mita 1,700 hadi kwenye joto la michikichi ya mawese na kakao. Aseme mvua ilianza lini, wapi walishuka wakasukuma, bariere ngapi, na nani aliwakaribisha ndizi. Kama kuna kipande cha njia ambacho hathubutu kuwapitisha hata kwenye karatasi, aandike hivyo pia, na aseme kwa nini.

Katiba ya 2006 inaitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Lugha ya taifa haiwezi kuazima hata majira ya mwaka kutoka kwa wengine.