Mtoto wa Kitwa na mlango wa masomo

Katika kitabu hiki tunazoea kusifu mila zetu: ngoma, ndoa, majina ya mababu. Leo tunaomba ruhusa tuseme neno chungu, na linatuhusu sisi wenyewe.

Hapa Kaniama tunasikia kila siku: «Bale Batwa habapendake masomo, beko batu ya pori.» Wanasema hivyo wazee, walimu, hata waganga wa kituo cha afya. Sisi tunakataa. Mtoto ambaye wenzake hawataki kuketi naye kwenye banki moja, wala kunywa naye katika kikombe kimoja, na ambaye jina la kabila lake linatumiwa kama tusi, huyo akitoroka masomo hajaonyesha kuwa hana akili. Amejilinda.

Wengine watasema Nyunzu na Manono ni mbali. Lakini mpaka 2015 tulikuwa jimbo moja la Katanga, na walioumizana kule ni Batwa na Baluba, ni kusema ndugu zetu. Mwezi wa Oktoba 2016, katika Kabalo, ugomvi juu ya kodi ya viwavi ulimwaga damu. Vijiji viliteketezwa, masomo yakafungwa. Watoto walioona mambo hayo leo wanaitwa «wagumu» na «wakimya». Nani alikwenda kuwauliza wanaota nini usiku?

Kuna wenye kujibu: Leta imekwisha kusaidia. Ni kweli, tangu 2019 masomo ya msingi ya Leta yalitangazwa kuwa ya bure. Ni kweli pia kwamba tarehe 15 Julai 2022 raisi alitia sahihi sheria ya kulinda haki za watu wa asili Pygmées. Tunashukuru. Lakini sheria haishiki mtoto mkono. Minervale ikiondolewa na dharau ikabaki, mlango bado umefungwa.

Tuangalie afya. Mama wa Kitwa analeta mtoto mwenye homa. Muganga anaona uzi wa dawa shingoni, anaukata mbele ya watu na kucheka. Anampa vidonge, kweli, lakini siku nyingine mama yule harudi tena. Ugonjwa wa pili utamkuta mtoto porini. Nani alimwua? Tusiseme uzi.

Katika Nyuzilandi, muuguzi mmoja wa kabila la Maori, Irihapeti Ramsden, aliyaona mambo kama haya miaka ya 1980. Akafundisha kwamba muganga hawezi kujipa cheti mwenyewe na kusema «nimemtunza vizuri». Mwenye kutunzwa ndiye anayesema kama alikuwa salama na heshima yake. Huko Australia, watu wa asili wa Redfern, Sydney, walifungua kituo chao cha afya mwaka 1971 kwa sababu walichoka kudharauliwa katika vituo vya wengine. Na karibu yetu, Kamerun, watoto wa Kibaka walifunguliwa madarasa ya kuwatayarisha, wanaanza kwa lugha yao kabla ya kuingia masomo ya wote.

Tunasikia tayari kelele: «Basi munataka kuleta fetishi katika kalasi!» Hapana. Chanjo ibaki chanjo, na malaria ipewe dawa ya malaria. Mila ikiumiza mtoto, tuiambie wazi. Lakini kumwambia mtu ukweli si sawa na kumfedhehesha. Na wazee wa Kitwa wanajua majani na mizizi kuliko wengi wetu. Mara ngapi sisi Baluba tumekwenda kwao usiku kutafuta dawa, kiisha mchana tunawaita wapumbavu?

Tunachoomba si kikubwa. Mwalimu anayetukana kabila la mtoto aonywe mbele ya wazazi. Kila kituo cha afya kinachohudumia Batwa kiwe na mtu wao wa kupokea wagonjwa na kutafsiri, naye alipwe. Wakati wa viwavi na asali familia zinapoingia porini, mtoto akirudi asifukuzwe; arudishiwe masomo aliyokosa. Na kamati ya wazazi iwe na mama wa Kitwa, si kwa kupigwa picha, lakini kwa kusema.

Hata watoto wetu wanaosema Kiluba nyumbani wanajua haya ya kuulizwa kwa Kifaransa «unaumwa wapi?» na kukosa jibu. Sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha ya mahali katika masomo. Basi tunachodai kwa mtoto wa Kitwa tunakidai kwa wote.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tunaojiita walinzi wa mila, tuanze na hii: kesho asubuhi, mtoto wa Kitwa akifika, tumsalimu kwa jina lake.